Faini ya Kirangozi

Bi Amne hakubisha hodi. Aliingia nyumba ya Humaidi, pale Gongoni, na viatu vyake miguuni, akapita ukumbi, akapita ua, moja kwa moja hadi jikoni. Akafunua sufuria ya kwanza, akafunua ya pili, ndipo akageuka kumtazama Nyamizi aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akipeta mchele.

"Shikamoo, dada," Nyamizi alisema.

Bi Amne aliiacha shikamoo palepale ilipoangukia. Mtu mzima, tena amefunga, anaamkiwa haitikii! Lakini ndivyo alivyokuwa Bi Amne akishapandwa na mori.

"Mwezi ukionekana kesho, keshokutwa ni Idi," alisema. "Sioni samli, sioni hiliki, hata harufu ya kileja siisikii. Watoto wa mdogo wangu watakwenda kwa Bwana Khalfani na sinia la nini? La furu?"

Furu ni matunda ya porini, na Nyamizi alikuwa mtu wa Igalula, kwa hiyo neno lilitupwa likijua linakokwenda.

Watoto wenyewe walikuwa watatu, na mama yao, marehemu Zuwena, alikuwa mdogo wake Bi Amne wa tumbo moja. Zuwena alipofariki, Humaidi alikaa peke yake muda mrefu, kisha siku moja akapanda garimoshi kwenda Igalula kununua karanga, akarudi na karanga na mke. Nyamizi alisilimu siku ya ndoa. Baba yake, Mzee Yoramu, alikuwa mkulima na Mmoraviani, na Krismasi kwao ilikuwa wali, kuku, na kanga mpya kwa aliyejaliwa. Hakuna aliyewahi kuoka kitu. Kileja chenyewe, ile biskuti nyeupe ya unga wa mchele ambayo watu wa mjini Tabora hawaioni Idi bila yake, Nyamizi alikuwa hajawahi kuushika unga wake mkononi.

Na desturi ya ukoo ule ilikuwa hivi. Asubuhi ya Idi, wanaume wakishatoka msikitini, kila nyumba hupeleka sinia la vileja kwa Bwana Khalfani, ami yake Humaidi, mkubwa wa wote. Watoto ndio wanaobeba. Masinia hupangwa ukumbini, yakafunuliwa mbele ya watu, na kila mtu akaonja cha kila nyumba. Nyumba isiyoleta sinia husemwa kwamba haina mwanamke. Husemwa hivyohivyo, kwa sauti, na mwanamke mwenyewe amekaa hapo anasikia.

"Sasa nisikilize vizuri," Bi Amne alisema. "Nimeshazungumza na Bwana Khalfani. Masinia yakishafunuliwa, nitamwomba mbele ya watu wote anipe watoto wa mdogo wangu niwalee mwenyewe. Amesema atatazama kwanza. Atazame! Ataona nini? Mjukuu wa mpagazi atayajulia wapi mambo ya Idi?"

Akaondoka, na mlango hakuufunga.

Nyamizi alibaki na ungo mapajani. Mchele ulimwagika asione. Aliwapenda watoto wale, na tuseme wazi, aliwapenda kwa hofu, maana alijua alichopewa kinaweza kuchukuliwa. Bimdogo, kitinda mimba, miaka minne, hakulala mpaka kichwa chake kiwe juu ya tumbo la Nyamizi. Salmini, wa katikati, alimletea kila jino lililong'oka amtunzie. Wote wawili walimwita mama bila kuambiwa. Mgumu alikuwa Fakhria, mkubwa, miaka kumi. Si kwamba hakuwa na adabu, la. Akitumwa alikwenda, akiulizwa alijibu. Ila hakumwita Nyamizi kitu chochote. Akiwa na shida yake alisimama pembeni kimya, akasubiri mpaka atazamwe, ndipo aseme.

Humaidi aliporudi kutoka dukani akasikia habari zile, alijikuna ndevu. Alikuwa mtu mwema, mungwana kabisa, lakini ukimtajia Bi Amne alinywea.

"Nenda kwa Mhindi," alisema, "ununue biskuti za mkebe, uzipange kwenye sinia. Yaishe."

"Ili Bi Amne aseme watoto wanalelewa na mkebe? Thubutu! Mimi naoka."

"Unajua kuoka vileja?"

"Sijui," Nyamizi alisema. "Lakini nina hasira."

Asubuhi yake aliwakusanya watoto jikoni, akafunga kanga kiunoni, akauliza nani anakumbuka marehemu alivyokuwa akifanya. Salmini alikumbuka kula tu. Bimdogo hakukumbuka kitu, maskini. Fakhria alikaa akichora chini kwa kidole cha mguu, na Nyamizi hakumhimiza.

"Unapiga samli na sukari kwa mkono," Fakhria alisema hatimaye, akiliambia jiko. "Mpaka iwe nyeupe. Halafu unga wa mchele, na hiliki. Halafu vya duara. Halafu tone la zafarani katikati."

Samli na hiliki Humaidi alikwisha kuzileta, lakini kwenye sukari palikuwa na shida. Vita vilikuwa vimekwisha, Wajerumani wameshindwa, magazeti yameandika, lakini sukari Tabora ilikuwa bado ya mgao, na mgao wa nyumba ile ulikuwa umeishia kwenye uji wa futari. Kilichokuwapo ni asali, debe zima, ya kwao Igalula. Nyamizi akaona tamu ni tamu.

"Tunafanya vya duara?" Salmini aliuliza.

"Vya duara vya mama yenu hakuna atakayeviweza, na mimi sijaribu," Nyamizi alisema. Fakhria aliinua kichwa. "Sisi tutafanya msafara. Mama yenu mkubwa ameniita mjukuu wa mpagazi. Kwani amedanganya? Babu yangu Masele alikuwa akitoka hapa Unyanyembe kwa miguu mpaka pwani, akarudi, akaenda tena, reli haijaotwa hata ndotoni. Sasa wapagazi watakwenda Idi. Tuone nani atawazuia mlangoni."

Salmini alirukaruka kwa furaha, kisha akasimama ghafla. "Alifungwa mnyororo?"

"Hapana, mwanangu. Waliofungwa walikuwapo, Mungu awarehemu, na hao hatuwafanyi biskuti. Babu alikwenda kwa kupenda, akalipwa nguo, ndizo zilizokuwa ujira wa siku hizo. Zamani kwetu, kijana ambaye hajafika pwani alionekana bado mtoto, hata mke alimpata kwa taabu."

Wakaanza. Mkeka ulitandikwa, unga ukakandwa, kila mtu akapewa donge lake. Salmini alifanya mpagazi mwenye pembe ya ndovu kubwa kuliko yeye mwenyewe, ikawa kila akisimamishwa anapinduka. Nyamizi alifanya wenye mitumba ya nguo kichwani, na mwanamke mwenye chungu mgongoni, kwa sababu wanawake nao walikwenda, ingawa wasimuliaji huwasahau. Bimdogo alifanya punda.

"Mbona ana miguu mitano?" Salmini aliuliza.

"Huo wa kupumzikia," Bimdogo alisema, akaendelea kufinyanga.

Juu ya punda wakampandisha Mwarabu, mwenye mali, na kilemba chake. Salmini alimchukua amweke mbele ya mstari.

"Ala! Huyo nyuma," Nyamizi alisema. "Mwenye mali anakaa nyuma, anachunga mizigo isipotee. Mbele anakwenda kirangozi. Huyo ndiye anajua njia, anajua maji yako wapi, anajua chifu gani mkali na yupi mpole. Ana nguo nyekundu, ana manyoya kichwani, na mbele yake hapiti mtu. Babu Masele alikuwa kirangozi."

"Hata mwenye mali hapiti?"

"Hata mwenye mali. Akipita, faini."

"Faini ya nini?"

"Atakayoitaja kirangozi. Mbuzi, nguo, chochote. Na unalipa, hata uwe nani."

Ni Fakhria aliyeuliza swali la mwisho, huku bado hamtazami. "Na kama kirangozi hawezi kusema? Kama anaumwa?"

"Atamsemea mtu wa ukoo wake," Nyamizi alijibu, na hakufikiri zaidi, maana makaa yalikuwa yamekolea.

Tanuri hawakuwa nalo. Walioka kama watu wote wa mtaa ule walivyooka: sufuria pana yenye mchanga mekoni, sahani ya bati ndani yake, na juu mfuniko wenye makaa. Nyamizi aliwapanga wapagazi wa kwanza, akafunika, akasubiri. Harufu ilipotoka watoto walipiga makofi. Akafunua.

Lo! Hapakuwa na mpagazi, hapakuwa na punda. Asali ilikuwa imeyeyuka na samli, msafara mzima umelala chini umekuwa chapati moja yenye matundu. Pembe ya Salmini ilikuwa imetoweka kabisa. Bimdogo aliangalia ndani ya sufuria, akauliza punda wake amekwenda wapi, kisha akaangua kilio.

"Mama angetia sukari," Fakhria alisema.

Hakusema kwa ubaya. Alisema tu. Lakini lilimwingia Nyamizi, likakaa. Alijiona anaingia kwa Bwana Khalfani mikono mitupu, aliona watoto wakifungiwa nguo zao, aliona kitanda chake bila kile kichwa kidogo juu ya tumbo. Akageukia ukuta ili wasimwone, na machozi yakamtoka, na hasira zikamtoka pamoja na machozi, maana kulia na saumu kavu si mchezo.

Alipokuwa amegeukia ukuta ndipo alipomkumbuka bibi yake, mke wa Masele. Mwanamke yule hakumfungia mumewe unga mbichi hata siku moja. Unga mbichi huvunda njiani. Aliukaanga kwanza, bila mafuta, unga mtupu ndani ya chungu, akigeuza na kugeuza mpaka unukie na kukauka kabisa. Kisha aliutia asali, ukashikamana madonge magumu mtu akala huku anatembea na mzigo kichwani. Asali ileile! Na madonge yale hayakuyeyuka na jua la Ugogo, sembuse makaa ya Gongoni.

"Salmini, chungu!" Nyamizi aliita. "Fakhria, mwiko! Bimdogo, nyamaza mama, punda wako anarudi."

Aliukaanga unga uliobaki, isipokuwa konzi moja. Jiko lilijaa harufu ya mchele ulioungua kidogo tu, harufu ya kumfanya mfungaji atazame jua liko wapi. Safari hii donge lilikuwa gumu, likakubali kukatwa, likakubali kusimama. Wapagazi walifanywa upya, na punda akapewa tena miguu yake mitano. Sahani ilipofunuliwa mara ya pili, kila mtu alikuwa palepale alipowekwa, mzigo kichwani, na pembe ya Salmini imesimama imara. Ila hawakuwa weupe kama vileja vya watu. Unga wa kukaanga uliwapa rangi ya udongo.

Nyamizi alimtazama Fakhria kwa woga, mtu mzima anamwogopa mtoto.

Fakhria alimwinua mpagazi mmoja, akamgeuza. "Afadhali," alisema. "Sasa wanafanana na watu."

Nyamizi hakuweza kuonja, saumu ilikuwa yake, kwa hiyo ulimi wa nyumba ulikuwa Bimdogo. Alipewa vipande vilivyovunjika. Alitafuna kimya, macho amefumba, akala cha pili bila kutoa hukumu, akanyoosha mkono kupata cha tatu.

"Sema basi, kitamu au si kitamu?"

"Bado sijajua," Bimdogo alisema, na mkono haukurudi.

Sasa mapambo. Macho yalikuwa vichwa vya karafuu. Mitumba ilinyunyiziwa ufuta. Mwarabu alivikwa kanzu ya uji mzito wa unga mweupe, na Salmini alimpaka mpaka kanzu ikamfikia hata punda. Alibaki kirangozi. Alikuwa mrefu kuliko wote, mkono mmoja ameunyanyua, lakini hakuwa na nguo nyekundu wala manyoya, na jikoni hapakuwa na rangi yoyote. Nyamizi alifikiria hina, akaona hapana, watu watakula.

Fakhria alitoka. Alikaa huko ndani kitambo, na aliporudi alikuwa na kikopo kidogo cha bati kilichofungwa kitambaa. Kilikuwa cha mama yake. Ndani yake palikuwa na zafarani iliyobaki Idi ya mwisho ya Zuwena, kidogo tu, na mtoto yule alikuwa amekificha ndani ya mto wake tangu msibani, na hakuna mtu nyumbani aliyejua.

"Si lazima, Fakhria," Nyamizi alisema.

"Kirangozi haendi bila nguo," Fakhria alisema, na akakifungua.

Waliilowesha zafarani kwa maji vuguvugu. Fakhria mwenyewe alimpaka kirangozi nguo yake, polepole, ikawa ya rangi ya moto, kisha akamchomeka manyoya kichwani, vijiti vyembamba vya mdalasini. Alipomaliza alirudisha kikopo kwenye kitambaa kikiwa kitupu. Nyamizi alitamani kumkumbatia. Hakuthubutu, akamshika bega tu, na bega halikukimbia.

Msafara ulipangwa kwenye sinia kubwa la shaba, kirangozi mbele, mwenye mali nyuma. Baada ya futari, mwezi umeonekana na mtaa mzima unapiga kelele, Nyamizi alinyoosha mkono achukue japo kipande aonje kazi yake.

"Faini!" watoto wawili wadogo walipiga ukelele pamoja. "Kirangozi hajaliwa!"

Ikawa sheria ya nyumba. Hata Humaidi, aliyekuja kunusanusa na kisingizio cha kutafuta kandambili, alifukuzwa. Nyamizi alilala bila kujua alichooka kina ladha gani.

Asubuhi ya Idi ukumbi wa Bwana Khalfani ulijaa. Wanaume walikaa upande wa barazani na kanzu zao zinanukia udi, wanawake upande wa mlango wa ndani, na masinia katikati, yamefunikwa vitambaa vya kufuma. Bwana Khalfani alikaa kwenye kiti chake, mzee mwembamba, fimbo magotini. Ujanani alikuwa amesafiri na misafara ya baba yake, na miguu yake haikupona tangu hapo.

Masinia yakafunuliwa moja moja. La Bi Amne lilikuwa zuri, tusimnyime haki yake: vileja vyeupe, vya duara, vyote sawasawa, na sukari aliyoipata anajua mwenyewe. Watu walisema mashallah. Bi Amne aliinamisha macho kwa unyenyekevu ambao haukuwa wake.

Kisha Fakhria na Salmini walileta la kwao, Bimdogo anafuata ameshika pindo la kitambaa, na kitambaa kikatolewa.

Halafu mtoto mmoja akasema, "Punda!" na watoto wote wa ukumbi wakavamia, na wakubwa nao wakaacha heshima zao wakainuka kutazama. Mtu aliuliza huyu kabeba nini, mwingine akasema hii pembe itamuua kijana wa watu, wanawake wakacheka hadi kanga zikawaanguka vichwani. Nyamizi alikuwa amesimama ukutani, mbali na sinia lake.

"Midoli!" Bi Amne alisema kwa sauti ya kuzima kicheko. "Hii ni Idi au mchezo wa watoto? Tena midoli yenyewe imeungua. Bwana Khalfani, si nilikwambia? Jionee mwenyewe." Akainama, akawapita wapagazi wote kwa dharau, akamnyanyua Mwarabu na punda wake. "Afadhali huyu, huyu ndiye bwana wao. Tuanze na bwana."

Na akamng'ata kilemba.

"Faini!" Bimdogo alipiga ukelele ambao nadhani ulisikika hadi Tura, mbali kule kwenye reli. "Faini! Faini! Amempita kirangozi!"

Bi Amne alibaki na punda mkononi na kilemba mdomoni. Watu walitazamana. Na hapo Bwana Khalfani alianza kucheka. Alicheka mabega yakitikisika, akafuta macho kwa ncha ya kilemba chake, akacheka tena.

"Nani kakufundisha hayo, wewe?" alimuuliza Bimdogo.

"Mama."

"Basi mama yako kakufundisha kweli." Mzee aliegemea fimbo akainuka, akaenda mpaka kwenye sinia, akamtazama kirangozi kwa muda. "Na nguo yake nyekundu. Na manyoya. Enyi, mimi nililipa faini hii. Kijana nina kiburi, nikapita mbele, kirangozi akasimamisha msafara mzima juani, watu na mizigo yao, hakuna anayetembea mpaka nilipe. Baba yangu ndiye mwenye mali yote ile, na hakufungua mdomo kunitetea. Nililipa mbuzi." Akageuka. "Amne, umempita kirangozi. Lazima ulipe."

"Bwana Khalfani, huu ni mchezo..."

"Na faini huitaja kirangozi mwenyewe," mzee aliendelea, hakumsikia au hakutaka. "Huyu hana ulimi. Nani wa kumsemea? Awe mtu wa ukoo wake."

Ukumbi wote ukageuka kumtazama Nyamizi. Nyamizi alifungua mdomo, na wallahi hakikutoka kitu.

"Mimi," sauti ilisema.

Alikuwa Fakhria. Alisimama mbele ya sinia, mikono nyuma, uso umemwiva.

"Wewe ni nani wake?" Bwana Khalfani aliuliza.

"Mimi ni kitukuu chake."

Bi Amne alimeza kilemba.

"Kirangozi anaitwa Masele," Fakhria alisema, na sasa maneno yalimtoka kwa haraka, yote aliyoyaweka siku zote zile. "Ni babu yake mama. Na faini yako, Mama Mkubwa, usituchukue. Hatutaki mbuzi. Usituchukue tu. Sisi tunakaa na mama."

Neno lile, mama, Nyamizi alilisikia mara mbili, tena mbele ya watu wote, na moyo ulimruka mpaka akaogopa watu watauona. Bi Amne alimtazama Bwana Khalfani, akatazama wanawake wenzake, hakuona wa kumsaidia. Midomo yake bado ilikuwa na chembe za kilemba.

"Uliniambia nitazame," Bwana Khalfani alisema taratibu. "Nimetazama. Mtoto ametaja ukoo wake mbele ya watu, na hakuna aliyemfundisha. Mimi nitaongeza nini hapo? Lipa faini, Amne. Msafara umesimama juani."

Bi Amne alikuwa na mori, lakini hakuwa mtu wa kukataa haki mbele ya wazee. Isitoshe, alikuwa amewatazama watoto wa mdogo wake wamesimama bega kwa bega kuuzunguka ule msafara wao, na macho yake yalikuwa yamelowa, ingawa hakutaka yaonekane.

"Haya," alisema. "Nimelipa. Wabaki. Lakini nitakuwa nakuja kuwaona."

"Karibu sana, dada," Nyamizi alisema, na sasa sauti ilikuwa imerudi, yote. "Karibu siku yoyote. Ila ubishe hodi."

Wanawake wakapiga vigelegele. Humaidi, kule barazani, alipanua kifua kama vile yeye ndiye aliyekaanga unga. Watu wakaanza kunyoosha mikono kwenye sinia, na Bimdogo akawazuia wote, mikono ameitandaza, tayari kuuma mtu.

Fakhria akamnyanyua kirangozi kwa mikono miwili. Hakumpa Bwana Khalfani. Alivuka ukumbi mpaka ukutani.

"Mama," alisema. "Anza wewe."

Nyamizi akampokea. Watu wa ukoo mzima, wakubwa kwa wadogo, mzee wao amesimama na fimbo yake, wote walikuwa wanamsubiri yeye. Akang'ata. Ilikuwa ngumu kidogo kwa nje, laini ndani, asali ya kwao, hiliki, na huko mwisho kabisa zafarani ya Zuwena. Alitafuna bila haraka, akameza, akajifuta mdomo kwa upindo wa kanga.

"Haya," alisema. "Sasa piteni."